Waya wa Kavumu

Ndege ilizunguka mara mbili juu ya Kavumu,
tukaona tumbo lake jeupe, magurudumu yakining'inia
kama miguu ya kuku anayepelekwa sokoni,
kisha ikayakunja, ikaelekea Goma.
Ndani yake alikuwamo kaka yangu Cishugi,
amelala kwenye sanduku la mbao za Kinshasa.

Kaburi tulikuwa tumeshalichimba.
Siku tatu mvua ililijaza,
siku tatu wajomba walichota maji kwa ndoo
wakinong'ona, kama watu wanaohesabu deni la mwingine.

Sababu? Mbuzi.
Mbuzi watano wa Mama M'Cirhuza katikati ya lami,
wanacheua, wanaangalia mbingu bila haraka.
Walipitia tundu la uzio upande wa mihogo,
tundu pana kama mlango wa kanisa,
na kila mtu akauliza: nani alilikata?

Mimi.
Mwaka juzi, usiku, kwa koleo la kuazima.
Hatua nne za waya, nikajenga kizimba cha dende.
Dende kumi na wawili! Hao ndio waliomlipia Nabintu karo
mpaka darasa la sita.
Sikujua kwamba tundu lina subira kupita mbwa:
halibweki, halilali,
linangoja tu siku ya aliyelitoboa.

Kesho yake Zihalirwa wa kartie akapita na megafoni
iliyokohoa kuliko yeye:
"Hatutafuti mwizi. Tukianza kumtafuta,
nani atabaki wa kumshika?"
Watu wakacheka, kila mmoja akitazama viatu vyake.
"Jumamosi ni salongo. Waya urudi, na mikono ije nao."

Na Jumamosi waya ulitoka majumbani
kama siafu baada ya mvua.
Kamba ya kuanikia nguo, vibanio viwili bado vimeing'ata.
Antena ya redio ya parokia: padri kaibeba begani, hasemi kitu.
Chaga za kitanda cha Birindwa, na Birindwa nyuma yake
akilalamika kwamba mgongo wake sasa utalala chini
kwa faida ya watu wanaopanda ndege.
Watu wa Miti wakaja na miti ya mikaratusi,
wale wale tunaogombania nao bomba la maji kila kiangazi;
siku hiyo tuligombania nyundo.
Mtoto mmoja akaleta gari alilolisokota mwenyewe, lina usukani.
Fundi akaligeuza, akamrudishia:
"Kaa nalo. Barabara yako haina mbuzi."

Nilifika wa mwisho.
Dende niliwaacha kwenye beseni, wakilia.
Waya wangu ulikuwa na manyoya, ulinuka mkojo wao.
Aliyeupokea ni Mama M'Cirhuza.
Akaunusa. Akanitazama.
Wiki nzima walikuwa wanamtukana yeye na mbuzi wake.
Nikangoja.
"Shika upande ule," akasema. "Vuta."
Nikavuta.
"Vuta, mama, unamzika nani kwa mikono laini hivyo?"
Nikavuta mpaka kiganja kikapasuka.

Jumapili ndege ilizunguka mara moja tu.
Tulisimama kando ya uzio, kila mmoja mbele ya kipande chake;
hatukupanga hivyo.
Magurudumu yakagusa lami, moshi kidogo,
na Cishugi akafika kwao.

Uzio wetu hauna rangi moja. Hapa kutu,
pale bluu ya mlango wa mtu nisiyemjua,
na mahali fulani, upande wa mihogo,
manyoya meupe yanayotikisika upepo ukitoka ziwani.
Nabintu aliyaona. Aliuliza. Nilimweleza yote,
akanyamaza mpaka Bukavu.

Alhamisi ni zamu yangu. Nina fimbo na filimbi.
Mbuzi wanakuja, wanabandika pua kwenye waya,
wanaitazama lami yao ya zamani.
Napuliza. Hawakimbii.
Wananitazama mimi, wakitafuna,
kama wanaojua.